Nilipoulizwa Wanapumzika Wapi

Jumatano. Upepo tangu alfajiri, ule wa mwezi wa saba unaopasua midomo na kupeperusha kanga za watu. Vumbi limeingia mpaka kwenye kibodi ya kafe hii ya intaneti. Herufi ya "a" inataka ibonyezwe kwa hasira ndiyo itoke. Mimi hasira sina. Nina aibu, na ni aibu yangu halali, sikuiazima kwa mtu.

Sijui nani anasoma humu. Siku nyingine huwa natamani wasomaji wawe wengi. Leo nashukuru kwamba ni wachache.

Leo asubuhi nimecheka kitu ambacho nilipaswa kukililia.

Acha nieleze kwa utaratibu, maana nikirukaruka nitapata pa kujificha. Nafanya kazi kwenye mradi wa utafiti hapa Singida mjini, tumepanga vyumba vitatu nyuma ya duka la pembejeo. Cheo changu ni karani wa takwimu. Mradi unauliza swali moja tu: kina mama wanaokaa kwenye moshi wa jikoni kwa muda mrefu, wanakohoa kuliko wenzao? Ikionekana ndiyo, vijiji tulivyopita kule Mtinko vitajengewa majiko yenye bomba la kutolea moshi nje. Isipoonekana, mabomba yatapelekwa mkoa mwingine, na hakuna atakayerudi kuuliza tena.

Mama yangu anaishi Mtinko. Anakohoa tangu sijamaliza shule.

Kwa hiyo ungedhani mimi ndiye mtu wa mwisho duniani kuiharibu kazi hii. Hata mimi nilidhani hivyo.

Kazi yenyewe ilikwenda namna hii. Tulikaa na kila mama, akatusimulia siku yake ya jana, tangu alipoamka hadi alipoamka tena. Saa za shambani, za kufuata maji, za kupika, za gulioni, za kulala, za kupumzika. Mwishoni zijumlishwe zote zitimie ishirini na nne, maana siku haina nyongeza. Kisha fomu zinakuja kwangu, naziingiza kwenye kompyuta.

Anayefanya uchambuzi ni Gilbert, kaka mmoja wa Dar mwenye maneno mengi na roho nzuri. Yeye ndiye aliyekuja na ile programu, na siku ya kwanza aliniambia kitu ambacho sijakisahau. Alisema ukichukua saa za moshi peke yake ukazilinganisha na kikohozi, utadanganyika, kwa sababu saa haziishi peke yake. Ni kama watu waliozunguka sahani moja ya ugali. Mmoja akimega tonge kubwa, lazima kuna mwingine anayepunjwa. Mama aliyekaa jikoni saa mbili zaidi kuliko jirani yake, hizo saa mbili amezitoa wapi? Amezipunguza shambani, au amezikata kwenye usingizi? Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa kwa mwili wa mtu. Kwa hiyo programu haiziangalii saa moja moja. Inaangalia fungu hili limesimamaje mbele ya lile, jikoni kwa usingizi, jikoni kwa shamba, na kuendelea hivyo mpaka siku nzima imepimana yenyewe kwa yenyewe.

Niliipenda hiyo programu, jamani. Sijawahi kupenda kitu cha kazini namna ile. Nilisoma maelekezo yake kwenye kafe hii hii, ukurasa baada ya ukurasa, kamusi mapajani, mpaka mwenye kafe akaanza kuniita profesa. Ikafika mahali kuna sehemu naijua kumzidi Gilbert. Kwa mfano, programu haitaki sifuri. Kazi yake ni kugawanya fungu kwa fungu, na huwezi kugawanya kwa kitu ambacho hakipo, kwa hiyo ikikuta sifuri inagoma. Sasa tulikuwa na kina mama ambao fomu zao zilisema wamepumzika saa sifuri. Nilikaa siku mbili nikizipitia hizo fomu, nikitenganisha aliyekosa kabisa kupumzika na yule aliyepumzika kidogo, mwulizaji akaona si kitu cha kuandika. Dokta Anjela, mkuu wetu, alinisifia mbele ya watu. Alisema anatamani wote wangekuwa makini kama mimi.

Siku mbili nilihangaika na sifuri za kupumzika. Kupumzika kwenyewe sikukugusa.

Leo saa tatu tulikaa chumba cha mbele kuangalia matokeo. Ripoti inatakiwa itumwe Ijumaa. Gilbert akaigeuza kompyuta ili tuone wote, akatuonyesha mstari mmoja mmoja kwa kalamu. Moshi ulikuwa umelala chini kimya, hausemi kitu. Mstari uliosimama ulikuwa wa kupumzika. Kadiri mama anavyopumzika zaidi, ndivyo anavyokohoa zaidi.

Watu wakatazamana. Halafu Gilbert akasema, "Basi tuwashauri kina mama wa Mtinko waache kupumzika."

Chumba kizima kikacheka. Na mimi nilicheka. Nilicheka mpaka nikashika ukingo wa meza.

Dokta alitabasamu tu. Akasema labda mambo yamekaa kinyume, mtu akishaugua ndipo anapopumzika, na hilo halina ajabu. Kuhusu moshi, akasema, hatuna cha kusimamia. Tutaandika kwamba haujaonekana kuwa na uzito, na mabomba itabidi yaende kwingine. Alionekana amechoka alipolisema. Kisha akanigeukia, kwa wema kabisa, akaniuliza, "Wewe ndiye mwenyeji wetu. Una la kuongeza?"

Nikasema, "Hapana, Dokta."

Hilo ndilo la leo asubuhi. Ila mzizi wake ni wa mwaka jana, na ulianza na sweta.

Nina sweta la mtumba, la kijani, zito, nalipenda kwa sababu ya upepo huu wetu. Jumatatu moja nilitoka nyumbani Mtinko alfajiri nikaja kazini moja kwa moja. Nilikuwa nimekaa na Mama siku mbili, sweta mwilini. Nilipoingia ofisini Gilbert akainua pua, akauliza nani anachoma nyama asubuhi yote hii. Hakujua ni mimi. Alikwenda hadi dirishani akachungulia nje, akarudi, akanusa tena. Nikalivua lile sweta taratibu, nikalisokomeza kwenye mfuko wa plastiki, nikafunga fundo. Nikashinda natetemeka kwa baridi siku nzima, na aliponiuliza kama naumwa nikasema ni malaria tu.

Mchana wa siku hiyo hiyo Dokta akaitisha kikao cha kutengeneza fomu. Siku ya mama ilikuwa inagawanywa pande mbili, upande wenye moshi na upande usio na moshi. Kupika, kwenye moshi. Shamba, maji, gulio, kulala, upande wa pili. Walipofika kwenye kupumzika Dokta akasimamisha kalamu akanitazama. Kumbuka kwamba mimi niliajiriwa kwa ajili ya maswali kama hayo. Ni Mnyaturu wa kule kule, lugha naijua, nyumba nazijua ndani na nje.

"Wakipumzika," akaniuliza, "wanapumzika wapi?"

Mfuko wa plastiki ulikuwa miguuni kwangu.

Nikasema, "Sebuleni, Dokta. Au nje, kivulini."

Sebuleni! Mama yangu hajawahi kuwa na sebule. Nyumba yetu ni tembe, ina upande wa mifugo, ina pa kulala, na ina jiko, na jiko ndilo tunalokaa. Mimi mwenyewe nimesomea hapo, daftari juu ya magoti, mgongo kwenye ukuta uliojaa masizi. Lakini niliona sura za wale watu wa vyoo vya ndani, nikaona wanavyoipiga picha nyumba hiyo kichwani, nikatamka neno la kwanza la kistaarabu lililonijia. Dokta akaandika. Kupumzika kukaenda upande usio na moshi, tukaendelea na kipengele kingine.

Kwetu mwanamke akisema anapumzika hana maana ya kujilaza bure. Ana maana mikono yake imeachana na jembe na mchi, na sasa ameketi. Na pa kuketi ni jikoni, kwenye kigoda karibu na mafiga, anachochea moto huku anachambua mlenda au anapepeta uwele wa kesho. Nilipowauliza kwa Kinyaturu walinijibu bila kusita: napumzika jua likizama mpaka kulala. Wengine wakaniambia siku hizi wanapumzika hata asubuhi, kifua kinabana, shamba wamewaachia wakwe. Hakuna aliyedanganya hata mmoja. Mwongo alikuwa mkalimani wao.

Na moshi wenyewe si ule wa utotoni mwangu. Kuni ziko mbali, na tangu watu binafsi walete mashine za kukamua mafuta hapa mjini, kila mtu amegeukia alizeti. Mabua yamejaa nyuma ya kila nyumba, kwa hiyo ndiyo yanayochomwa. Yanawaka haraka, yanatoa moshi mzito, na lazima mtu akae hapo hapo akiyasukuma, la sivyo moto unazima na chungu hakijachemka. Mama aliyechoka, mama mwenye kifua, anaachiwa kazi hiyo kwa kuwa si kazi. Wanamwambia wewe pumzika hapo, utuangalizie moto.

Unaweza kuuliza kwa nini wenzangu hawakuliona hili kwa macho yao. Nimejiuliza pia, na jibu linanichoma zaidi. Mgeni kwetu haingizwi jikoni. Akibisha hodi anatandikiwa mkeka nje, mama anajifuta mikono, anafunga kanga vizuri, anatoka kukaa naye penye hewa. Gilbert na wenzake walipita nyumba kwa nyumba wakawakuta kina mama wamekaa nje kivulini, sawasawa kabisa na nilivyosema mimi. Walikuwa nje kwa sababu wageni walikuja. Wageni wakiondoka, wanarudi ndani.

Mimi sikutandikiwa mkeka. Mimi niliambiwa, "Ingia tu mwanangu, unangoja nini hapo?" Nikaingia, nikakaa, nikauliza maswali yangu huku macho yananiwasha na machozi yanatiririka. Nikaandika kupumzika, saa nne. Upande usio na moshi. Kuna fomu moja ilidondokewa na chozi, wino ukatawanyika, nikaenda kuiandika upya mezani kwa mwandiko mzuri.

Nilijua. Sitaki kujitetea hapa kwamba sikujua.

Mwanzoni nilijiambia ni kitu kidogo, neno moja katika fomu ya kurasa sita. Kazi ilipoendelea nikajiambia nimechelewa, nikisema sasa nitaonekana mjinga. Halafu, na hili ndilo la kijinga kuliko yote, nikajiambia programu ina akili nyingi, italigundua yenyewe. Mimi niliyesoma maelekezo yake yote! Programu inakula inacholishwa. Nilichoiambia ni sebule ikaamini ni sebule.

Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa karani wa mizani kwenye chama cha ushirika kabla chama hakijafa. Siku hizi wanunuzi wanakuja kijijini na mizani zao wenyewe, na kila mtu anajua zilivyo. Baba alikuwa hawezi kuandika gunia ambalo hajaliona kwa macho. Watu walimkasirikia kwa kuwacheleweshea foleni. Nimemkumbuka leo mara nyingi na kila mara nimetamani nisimkumbuke.

Mchana wenzangu walikwenda kula, nikabaki. Nikafungua nakala ya data, nikazichukua zile saa za kupumzika nikazihamishia upande wa moshi, nikaiambia programu ihesabu upya. Haikuchukua muda, chai yangu ilikuwa bado ya moto. Mstari wa moshi ukainuka. Haukuinuka kwa kubahatisha, uliinuka wazi, kila mtu angeuona hata akiwa amesimama mlangoni. Na nikaelewa ule utani wa asubuhi ulikuwa na maana gani. Kila mama aliyeacha jembe kwa sababu ya kifua alihamia kwenye moto moja kwa moja, akawa anavuta moshi asubuhi mpaka usiku, na sisi tukamwandika kuwa amepata nafuu.

Nikafunga bila kuhifadhi. Dokta alipita mlangoni akaniuliza mbona huli. Nikamwambia nasafisha data.

Sijui huo ni uongo wa ngapi.

Nikatoka nje nyuma ya duka, nikampigia Mama. Kaka yangu alimletea simu mwaka huu na yeye huipokea kwa sauti kubwa, kama anamwita mtu ng'ambo ya bonde. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, kuna nini mchana huu, nani anaumwa? Nikasema hakuna anayeumwa. Nikamwuliza kama ninavyouliza kwenye fomu.

"Mama, ukipumzika, huwa unakaa wapi?"

Akacheka. Kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikawa kirefu, nikasubiri. Nilisikia mabua yanavunjwa.

"Nikae wapi tena, si hapa jikoni. Nikitoka, moto nani atauangalia?" Kisha akaniuliza, "Kwani wewe hukuwaambia? Mimi nilijua ndiyo maana walikuchukua."

Hakunilaumu. Aliuliza tu, kama mtu anayeulizia kama mvua imenyesha huko mjini. Nikamwambia mtandao unasumbua, nikakata simu, nikasimama pale nyuma ya duka katikati ya magunia matupu mpaka nikasikia wenzangu wanarudi.

Sikufanya kazi yoyote mchana huo. Nilifungua faili, nikalifunga, nikalifungua. Gilbert akaniuliza, "Dada, mbona leo umepooza?" Na mimi nilitaka kumchukia, ingekuwa rahisi sana kumchukia, lakini hajanikosea kitu. Alisikia harufu akauliza harufu ya nini. Aliyeigeuza harufu ya nyumbani kwetu kuwa uchafu ni mimi.

Saa kumi nikagonga mlango wa Dokta. Alikuwa anaandika ripoti yenyewe, niliona kichwa chake cha habari kwenye kioo cha kompyuta.

"Dokta," nikasema, "wanapumzika jikoni."

Hakunielewa. Ikabidi nirudie. Nikamwambia zile saa za kupumzika kwenye fomu si za sebuleni wala si za kivulini, ni za mbele ya moto, karibu zote, na walioandikiwa saa nyingi ndio walio ndani ya moshi kuliko wote. Nikamweleza habari ya mkeka na wageni. Nikamweleza nilichojaribu mchana na mstari ulivyoinuka. Nilisema haraka haraka, bila kupumua, nikimwangalia kola ya blauzi.

Akavua miwani. "Umejua tangu lini?"

Nilikuwa na jibu tayari ulimini. Tangu leo, Dokta, leo mchana. Lilikuwa jibu zuri, lingenifanya hata nionekane mwerevu.

Nikasema, "Tangu nizaliwe."

Hakufoka. Ningependa angefoka, ningepata pa kujishikiza. Aliniuliza kwa nini nilisema sebuleni. Habari ya sweta ilinishinda kuitamka, inasikika kama kitu cha mtoto wa darasa la pili. Nikasema niliona aibu. Akaniuliza aibu ya nini. Nikasema ya kwetu, nikalia mbele ya bosi wangu kama nimefiwa.

Akaacha nilie. Kisha akaniambia mambo kwa upole ambao ulikata kuliko kisu. Kwamba hawezi kuzihamisha saa kwa sababu mimi nimesema, maana mwaka jana nilisema sebuleni na leo nasema jikoni, na karatasi haijui lini naongea ukweli. Kwamba itabidi turudi nyumba kwa nyumba na swali jipya, na safari hii kila mwulizaji aone kwa macho yake. Ripoti haitatumwa Ijumaa. Atawaandikia wafadhili kueleza sababu, na sababu ni mimi, hataificha. Wanaweza kukubali kusubiri, wanaweza wasikubali, na wasipokubali mabomba yatakwenda mkoa mwingine. Hilo halimo mikononi mwake.

Kuhusu kazi yangu hakusema kitu. Sikuuliza.

Nilipofika mlangoni akaniita. "Kesho gari linaondoka saa moja. Wewe, mimi na Gilbert. Tutaanzia kwa mama yako. Ndani, siyo nje."

Na sasa nifike kwenye kile kilichoniketisha hapa kuandika, maana yaliyotangulia yote nilishamwambia mtu. Hili sijamwambia yeyote.

Nilitoka ofisini nikiwa mwepesi kidogo, nimesema, nimetubu. Hata hatua ishirini sijafika, nikaona nimeshika simu na namba ya Mama iko kwenye kioo. Nilitaka kumwambia tunakuja. Nilitaka nimwambie apige maji sakafu, awatoe mbuzi mapema, asiwashe mabua, aombe kuni kavu kwa jirani, asugue ukuta ule wenye masizi, avae gauni la Jumapili. Orodha nzima ilikuwa tayari, imepangika vizuri, sikuifikiria hata. Machozi yangu ya mbele ya Dokta yalikuwa hayajakauka.

Na Mama angefanya vyote. Hapo ndipo nilipojisikia vibaya kuliko asubuhi, kuliko wakati wowote. Angeinuka na kifua kile, angesugua masizi mpaka jioni, kwa sababu mtoto wake anakuja na watu wa mjini na hataki mtoto wake aaibike. Wangemkuta ameketi kwenye jiko safi lisilo na moshi, amechoka, anatabasamu. Fomu mpya ingekuwa na uongo ule ule, tena safari hii umepigwa deki.

Nimejiuliza leo yote ninachokionea aibu ni kitu gani hasa. Nilidhani ni moshi. Lakini moshi hauna kosa, ni mabua yanaungua. Nilichokificha kwenye ule mfuko wa plastiki kilikuwa mtu, mwanamke mmoja aliyekaa kwenye kigoda ili mimi nipate uji wa asubuhi kabla ya shule, na nilipoulizwa yuko wapi nikasema hayupo hapo.

Nitajuaje kama nimepona? Labda sitapona. Labda kesho Gilbert akikohoa mlangoni nitasikia tena uso ukiniwaka. Sijui.

Mwenye kafe ameshaanza kufunga madirisha kwa ajili ya vumbi, na mimi nimeizima simu nikaiweka chini ya mkoba. Sitampigia. Kesho saa mbili watamkuta Mama anapumzika, na mimi ndiye nitakayewafungulia mlango wa jiko.